Bakuli la Gogo Bovu

Miaka yote nilikuwa naipita Same nikiwa na haraka ya Moshi au Arusha. Basi likisimama, nanunua maji dirishani, safari inaendelea. Safari hii nilishuka, begi begani, nikamkuta fundi ananisubiri kwenye kivuli cha ukuta. Kazi inayomlisha ni kukereza miguu ya vitanda. Mabakuli ni kazi ya jioni, na huyatoa kwenye magogo ambayo mafundi wenzake huyapeleka kwa wachoma matofali: yaliyopasuka, yaliyobunguliwa, yenye tundu katikati.

"Mgeni, kama unataka kuelewa, twende tukachukue gogo kwanza," alisema.

Asubuhi tukabanana kwenye Land Cruiser ya abiria, tukapita Mwembe kuelekea Mbaga. Chini kule ni nyika, vumbi na upepo. Ukipanda, unaanza kuona migomba, kahawa, mifereji na ndiva, yale mabwawa madogo ambayo Wapare wamekuwa wakiyatumia tangu enzi za mababu kukusanya maji ya kumwagilia. Juu zaidi kuna msitu wa Chome na kilele cha Shengena, mita 2,462. Miti ya mikulo ya msitu ule ilikatwa sana zamani. Leo ni hifadhi ya mazingira asilia, na fundi wangu hana hamu ya kesi. Miti yake hutoka mashambani kwa watu: mgrevilea, mwembe, mparachichi.

Gogo letu lilikuwa la mparachichi mzee ulioangushwa na upepo. Mwenye shamba, mama mmoja mwenye kanga mbili na maneno machache, alikuwa ameshalihesabu kuwa kuni. Alipoona tunalitazama sana, bei ikapanda. Wapare hutaniwa kwamba mtu anaweza kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Siku ile nilisadiki nusu. Fundi hakubishana. Alitoa spoku ya baiskeli mfukoni, akaisukuma taratibu ndani ya tundu hadi ikagoma, akaweka ukucha pale ilipoishia, akaichomoa na kuipima kwa vidole. Sisimizi wakamfuata hadi kiwiko. Kisha akaligonga gogo kwa kisogo cha shoka, hapa na pale, akisikiliza. Upande mmoja uliitika vizuri, mwingine ulitoa sauti ya debe bovu. "Mama, nachukua," alisema, na makande tuliyokaribishwa baadaye yalimaliza ubishi wowote uliobaki.

Karakanani Same, alilipasua gogo kwa kufuata kiini, kwa sababu nyufa nyingi za mti huanzia hapo. Kipande kimoja akakifunga kwa skrubu kwenye sahani ya chuma ya mashine, akakizungusha kwa mkono kwanza kuona kama kinagusa popote. Mashine ilipowaka, kwa mwendo mdogo, alikuwa amesimama pembeni. Mimi nilifukuzwa hadi mlangoni: mti wenye ufa ukiachia, huruka kwa kufuata mzunguko wake, na hauchagui wa kumpiga.

Kipande kinapozunguka, tundu halionekani. Unaona ukungu tu, kivuli chepesi kinachoelea juu ya mti. Patasi inakata mti, inakata hewa, inakata mti tena, na mlio wake unakuwa wa kudundadunda. Ukiigandamiza, inazama tunduni na kunasa. Kwa hiyo mkono unakuwa mwepesi, na mashine inazimwa kila baada ya muda mfupi. Gome lililolegea aliling'oa. Ufa mwembamba aliuziba kwa gundi na unga wa mbao ya mti uleule. Tundu kubwa aliliacha wazi, akalisugua kingo kwa msasa hadi kidole kikapita bila kukwaruzwa.

Nilimuuliza kuhusu mpingo, maana unaota nyikani huku. Akatikisa kichwa: vibali. Ila ni mti ambao ungemfaa. Mpingo mara nyingi huwa umepinda, una mashimo na nyufa ndani, na watengenezaji wa klarineti hutupa sehemu kubwa ya kila gogo. Wachongaji wa Kimakonde wa mtindo wa shetani waliufuata mti ulivyopinda, na kasoro ikawa umbo. Tena mkerezaji mmoja wa Texas, James Harris, aliipenda mbao hiyo hadi akaungana na mtaalamu wa mimea Sebastian Chuwa wa Kibosho, na mwaka 1996 wakaanzisha mradi wa kuupanda upya mti huo. Chuwa alifariki mwaka 2014.

Bakuli la mparachichi halikuisha siku ile. Mti mbichi hukerezwa mnene kwanza, unene wa kama sehemu moja ya kumi ya upana wake, kisha hufungiwa gunia pamoja na maranda yake ili ukauke polepole. Baada ya miezi hurudi mashineni, ukiwa umejipinda kadiri ulivyotaka. Nililobeba mimi lilikuwa la mwaka uliopita.

Nawe ukilipata la namna hiyo, usitie mchuzi. Weka ndizi, mayai au mkate. Lifute kwa kitambaa chenye unyevu, usiliroweke, na usiliache juani, maana ufa uliotulia huanza tena kutembea.