Kitabu Ulichokimaliza Kiache Nyumbani

Katika baraza letu la wasomaji hapa Muleba mjini, hakuna ruhusa ya kuzungumzia kitabu ulichokimaliza. Unakuja na kile unachokisoma sasa, uwe umefika ukurasa wa tisa au umebakiza sura moja. Unasema umefika wapi na kinakutenda nini. Ukishakimaliza, muazime mwenzio, hukumu yako baki nayo.

Sheria hiyo niliileta mimi, na chanzo chake ni kazi yangu. Nina duka la steshenari: natoa kopi, nauza madaftari, nabaindi. Kutwa nzima mitihani inapita kwenye mashine yangu: dhamira, wahusika, mandhari, jadili kwa hoja tatu kutoka katika kila kitabu. Waliopita kidato cha nne karibu wote wameonja Takadini na Watoto wa Mama N'tilie. Waulize leo, watakujibu kana kwamba msahihishaji amesimama dirishani. Aliyemaliza kitabu huongea hivyo. Aliye katikati hana ujanja huo. Mwisho haujui, basi husema lililomo moyoni: hapa nilichoka, huyu simwamini, jana nimelala saa nane usiku kwa sababu yake.

Mezani panakuwa na kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi ya Wahaya kwa mgeni, na msimu wa senene ukifika, senene. (Kurasa zenye madoa ya mafuta ninazifahamu zilikopita.)

Kikao ninachokikumbuka zaidi ni cha mama mmoja wa Kamachumu, mfanyabiashara wa ndizi anayevuka kwenda Mwanza kwa meli. Usiku, ziwani, alikuwa akisoma nakala yangu iliyochakaa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aniceti Kitereza, mtu wa Ukerewe, alikamilisha hadithi hiyo kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House waliitoa 1980, na yeye akafariki 1981. Mama alikuwa amefika pale Myombekere anapotakiwa kuwapelekea wakwe pombe ya ndizi ili arudishiwe mke. Kijana mmoja wa halmashauri akasema kurasa hizo angeziruka, maelezo yamezidi.

"Mwanangu, wewe umeshawahi kukanyaga ndizi?" mama akamuuliza. Akamweleza: ndizi ziive kwanza, zikanyagwe pamoja na majani ndani ya mtumbwi wa mti, maji yachujwe, mtama ukaangwe na kusagwa, halafu ungoje. Mkwe aliyekutoza pombe hakukutoza kinywaji, amekutoza siku za kufikiri ulivyomtunza binti yake. Hilo mwandishi angelisemaje kwa mistari miwili?

Hoja hiyo sijaikuta katika mwongozo wowote ninaoutolea kopi. Na sidhani kama angeitoa angekuwa anajua kama Bugonoka atarudi. Alikuwa bado anangoja pamoja na Myombekere. Sisi tuliojua tukatafuna kahawa, kimya.

Sheria ina mpinzani wake: mwalimu mstaafu anayekuja na Amakuru ga Kiziba ya F. X. Lwamgira, kwa Kihaya, nakala aliyorithi. "Waitu," alisema, "mpiga enanga akianza utenzi wa Rukiza, ni nani hapo asiyejua inavyokwisha? Na watu wanamsikiliza." Hapo alinibana. Tendi za enanga, kinanda chetu cha nyuzi, ni hazina ya kwetu. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa mkoa huu huu, alizifanya somo la shahada yake ya uzamivu mwaka 1986. Jibu langu lilikuwa kwamba kwenye enanga mpigaji na wasikilizaji wote wanaijua njia, hakuna aliyetangulia kuwangoja wenzake mbele. Hakuridhika. Tukamwekea kifungu chake: kitabu unachokirudia kinahesabika kuwa hujakimaliza. Sasa hakuna anayekitumia kifungu hicho zaidi yangu.

Ubaya ni kwamba hadithi iliyokatiwa njiani inawasha. Mtu akitaja alipofika, kesho yake wenzake wako dukani: nitolee kopi kitabu chote. Sitoi. Nikifanya hivyo nimeuza karatasi, mwandishi hana chake. Badala yake kuna daftari la foleni, na hivi sasa refu kuliko zote ni ya Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota 2022. Nakala ni moja, na kijana wa halmashauri anaisoma polepole mno. Haruki ukurasa.

Mimi nina Nagona ya Kezilahabi, kitabu chembamba ambacho kimenishinda zaidi ya mara moja. Nimesema hivyo barazani, na mwanabaraza mmoja, mwalimu wa fizikia, amejitolea tukianze pamoja upya. Yeye hajawahi kukifungua.