Muhtasari Uliotupeleka Vijijini

Sisi tulioingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baada ya Azimio la Musoma la 1974 kutaka waombaji wafanye kazi kwanza, wengi wetu tulifika tukiwa tumekwisha kuonja kazi. Walikuwamo walimu, makarani na mabwana shamba. Muhtasari wa somo la mbinu za utafiti tuliopewa ulikuwa karatasi moja iliyochapwa kwa stenseli, wino wake ukibaki vidoleni. Maneno yake yalikuwa machache, lakini ulitutaka tuandike hojaji mapema, tuipeleke kijijini, kisha tuirudishe darasani ikiwa imejaa masahihisho. Hapo ndipo mhadhiri alipoanza kutufundisha sampuli na nadharia, nasi tulimsikiliza kwa sababu maswali tulikuwa nayo. Kijijini tulijifunza hivi: mwulize mfugaji ana ng'ombe wangapi huku umeandamana na mjumbe wa nyumba kumi, naye atakutajia idadi isiyomletea mchango. Mwenzetu mmoja aliacha kuuliza. Alidamka alfajiri, akasimama kando ya zizi mifugo ikitoka kwenda malishoni, akahesabu mwenyewe. Tulitembea kwa miguu, tulilala tulipopokewa, na usiku tulinakili majibu kwa mwanga wa kibatari ili yasipotee.

Vijana wetu leo hupokea muhtasari wa kurasa nyingi, wenye matokeo ya ujifunzaji, vitabu vya kusoma na mgawanyo wa alama: 40 za kazi za muhula, 60 za mtihani. Hilo ni jema, tena ni haki ambayo sisi hatukuwa nayo. Mwanafunzi anajua anapimwa kwa lipi. Linalonisikitisha ni mpangilio. Mara nyingi kazi ya uwandani huwekwa mwishoni mwa muhula, wakati mwalimu amechoka na mwanafunzi anawaza mtihani, hata hojaji ikajazwa bwenini na marafiki. Haiwezekani kusingizia uhaba wa muda peke yake. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na saa hizo si za mihadhara tu.

Wahadhiri vijana, wanetu, nawaomba: muhula ujao wekeni jaribio la hojaji katika wiki ya tatu, hata kama mapitio ya maandiko hayajakamilika. Nanyi wanafunzi, mkikabidhiwa muhtasari siku ya kwanza, usomeni hadi mwisho, kisha ulizeni kwa adabu ni lini mtatoka darasani.