Aliyerudishwa Uwanjani

Usiku wa tarehe 3 Agosti 2024, saa nne ikiwa imekwisha pita, mjukuu wangu alikuja kuniamsha. "Babu, amka, wasichana wanakimbia fainali." Anajua kwamba kwa mbio za mita 100 mimi huamka hata nikiwa na homa. Tangu nilipotoka chuo cha ualimu, kila shule niliyofundisha nilihakikisha ina kiwanja cha mbio, hata kama kiwanja chenyewe kilikuwa ni majani tuliyofyeka sisi na watoto.

Huko Paris mvua ilikuwa ikinyesha. Nyumbani kwangu wote walimtazama Sha'Carri Richardson wa Marekani, bingwa wa dunia wa mwaka 2023. Lakini bastola ilipolia, binti mwingine alitangulia, na hadi mwisho hakuna aliyemfikia. Alimaliza kwa sekunde 10.72, Richardson akafuata kwa 10.87. Jina lake ni Julien Alfred, wa Saint Lucia, na siku hiyo alikuwa na umri wa miaka 23. Nchi yake ilianza kwenda Olimpiki mwaka 1996, na hiyo ndiyo iliyokuwa medali yake ya kwanza ya rangi yoyote. Siku tatu baadaye akaongeza fedha ya mita 200.

Mjukuu akauliza Saint Lucia iko wapi. Nikamweleza kuwa ni kisiwa cha Karibi chenye watu wapatao 180,000 tu. Wilaya zetu nyingi zina watu zaidi ya hao. Hata hivyo, kisiwa hicho kilikuwa kimekwisha kutoa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel: Arthur Lewis katika uchumi mwaka 1979, na Derek Walcott katika fasihi mwaka 1992. Basi, msomaji wangu, udogo wa nchi si udogo wa vichwa wala wa miguu.

Baada ya ushindi Julien alieleza jinsi alivyokuwa akikimbia utotoni bila viatu, akiwa amevaa sare ya shule, mahali pasipo na uwanja wa maana. Hakutia chumvi. Hospitali moja ya kusini mwa kisiwa iliungua mwaka 2009, na wagonjwa wakahamishiwa katika uwanja wa michezo wa George Odlum, wakatibiwa humo kwa zaidi ya miaka kumi.

Lakini si umaskini wa viwanja ulioninyima usingizi. Julien alifiwa na baba yake mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, akaacha mbio. Kwa desturi ya dunia, hadithi ingeishia hapo. Kocha wake, Cuthbert Modeste, hakukubali iishie hapo. Alimshawishi, naye akarudi. Akiwa na miaka kumi na minne alikwenda Jamaika peke yake kusoma na kufanya mazoezi, kisha Chuo Kikuu cha Texas. Mwaka 2023 huko Budapest alikuwa wa tano katika mita 100 na wa nne katika mita 200, mikono mitupu. Machi 2024 huko Glasgow akawa bingwa wa dunia wa mita 60 za ndani. Ndipo ikaja Paris, ambako alimtaja baba yake, ambaye hakujaliwa kumwona, akalia.

Mimi nami nilikuwa na binti kama huyo. Mwaka 1984, katika shule niliyoiongoza, alikuwapo mtoto wa darasa la sita aliyewashinda wavulana wote, na katika mashindano ya wilaya hapakuwa na wa kumsogelea. Baba yake akafariki. Aliporudi darasani hakuja tena kiwanjani. Nilijiambia kwamba msiba una wakati wake, tumwache apumzike. Nilidhani ile ni huruma. Kwao palikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, nami sikwenda hata mara moja. Alimaliza darasa la saba, akaondoka, na mbio zake zikaishia hapo.

Sisemi kwamba angekuwa bingwa wa Olimpiki. Hilo ni la Mungu. Ninachosema ni kwamba yule mtoto hakuwahi kuulizwa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na usiku ule mjukuu alikuwa ameketi kando yangu akishangilia, asijue kwa nini Babu amenyamaza.

Mwaka 2025 huko Tokyo Julien alipata shaba katika mbio za mita 100 za ubingwa wa dunia. Wengine walisema ameshuka. Mimi nilifurahi tu kumwona bado anakimbia.

Walimu vijana hunitembelea mara kwa mara, wakiniuliza namna ya kukuza vipaji. Hutarajia niwaambie habari za viatu na saa za kupimia. Mimi huwaambia jambo moja: mtoto akikosa mazoezi siku tatu, jioni ya siku ya tatu nenda kwao. Kaa, pokea maji ya kunywa, toa pole kama kuna pole, kisha muulize kama anapenda kurudi. Akikataa, rudi tena wiki ijayo.