Mashine Yenye Kumbukumbu Ndogo

Sisi tuliozaliwa katika zama za simu za mkononi tumezoea kuhesabu kumbukumbu ya mashine kwa mabilioni. Huenda basi baadhi yenu mtacheka nikisema kwamba nimejifunza jambo kubwa kutokana na mashine yenye kumbukumbu ya baiti elfu tatu na kidogo tu. Hata hivyo nitawaeleza, kisha mtaamua wenyewe.

Mashine hiyo yaitwa VT100. Ilitolewa mwaka 1978 na kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani. Ukiiona utadhani ni kompyuta, kwa kuwa ina kioo na kibodi, lakini sivyo. Ni terminali, yaani chombo cha kuzungumza na kompyuta iliyo mahali pengine, kwa njia ya waya. Uliyoandika yalikwenda kwenye kompyuta, na majibu yakaja kuonekana kiooni. Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa mashine za ofisi, anayo moja ya ukoo huo, VT102, katika karakana yake. Likizo iliyopita alinipa ruhusa ya kuitumia na kuusoma mwongozo wake.

Kwanza nitasema juu ya kumbukumbu. Kioo cha VT100 kilionyesha mistari 24, kila mstari herufi 80. Zidisheni, mtapata 1,920. Mtu aliweza pia kuchagua mistari mirefu ya herufi 132. Mistari 24 ya namna hiyo ingetaka nafasi 3,168, na kumbukumbu yote ya kazi ilikuwa baiti 3,072. Haikutosha! Kwa hiyo aliyetaka mistari mirefu alipata 14 tu, isipokuwa kama amenunua kibao cha nyongeza. Tena, mstari mpya ulipoingia chini, ule wa juu kabisa ulisukumwa nje ya kioo, na terminali haikuwa na njia ya kuurudisha. Umeme ukikatika, yote yalifutika.

Lakini ilikuwa na kumbukumbu nyingine, ndogo zaidi, isiyofutika hata umeme ukizimwa. Hiyo ilitunza mipangilio. Kwa kubonyeza kitufe kimoja uliweza kuchagua kama kioo kiwe cheusi au cheupe, kama mistari ipande polepole au kwa kuruka, na kasi ya mazungumzo, hadi biti 19,200 kwa sekunde. Angalieni jambo hili: uliyoyabadili hayakudumu mpaka umeiamuru mashine iyahifadhi. Usipoiamuru, ukiizima na kuiwasha tena, itaamka na mipangilio ya zamani.

La tatu ni kuchapa. VT102 ina tundu la kuunganisha printa, nayo huchapa kwa njia tatu. Huweza kuchapa yote yaliyoko kiooni kwa mara moja. Huweza kuchapa mstari mmoja mmoja, kila unapokamilika. Au maneno ya kompyuta hupelekwa karatasini moja kwa moja bila kuonekana kiooni. Mjomba alipenda njia ya pili. Aliniambia, "Mpwa wangu, hapo mstari ukipotea juu, usiulilie. Umekwisha fika karatasini."

Sasa nitaeleza kwa nini maneno hayo yalinigusa. Babu yangu mzaa baba ana miaka 81. Yeye ndiye ajuaye mipaka ya shamba letu, na nani alizaliwa na nani katika ukoo wetu. Tangu mwaka jana anasahau. Ukimwamkia asubuhi, adhuhuri atakuuliza umefika lini. Lakini ukimwuliza majina ya ndugu za babu yake, atakutajia wote bila kusita. Nyumbani wengine humcheka kichinichini, na wengine hudhani anajifanya.

Najua mtu si mashine, wala sipendi kumfananisha Babu na chombo. Lakini nilipotoka karakanani niliwaza hivi: mambo mapya hayakai, na yale aliyoyahifadhi ujanani bado yapo. Je, hayo yatakaa mpaka lini? Na sisi tumeyaandika wapi? Hatukuwa na karatasi hata moja.

Nikachukua daftari. Kila jioni baada ya chakula nilikaa karibu na Babu, nikaandika mstari mmoja mmoja kadiri alivyosema, bila kumkatiza. Akirudia habari ya jana, niliiandika tena, maana mara nyingine aliongeza jina ambalo hakulitaja kwanza. Siku ya nne alitaja jiwe la mpaka lililo upande wa mtoni. Baba alishangaa, kwa kuwa hakupata kulisikia. Asubuhi tulikwenda wote watatu, Babu akitangulia na fimbo yake, tukalikuta limefunikwa na majani. Baba alisimama kimya kitambo, kisha akaniambia, "Liandike vizuri, na upime hatua kutoka kwenye mwembe." Zilikuwa hatua 62. Tangu siku hiyo hakuna aliyemcheka Babu mbele yangu.

Daftari limefika kurasa 31. Baba amelifungia sandukuni pamoja na karatasi za shamba, na mimi ninayo nakala hapa bwenini.

Wenzangu, tutakapofunga shule tutarudi kwa wazee wetu. Wengi wetu hudhani watakuwa pale sikuzote, na ya kuwa wanayoyajua hayana haraka. Chukueni daftari na kalamu, ombeni ruhusa kwa adabu, mkae nao. Mimi likizo ijayo nitaanza upande wa Bibi. Yeye bado anakumbuka vizuri sana, nami sitaki kungoja.