Wiki Sita Ifakara Kabla ya Chuo

Nilipanda basi Mbezi, stendi ya Magufuli, alfajiri, wiki moja tu baada ya kutoka JKT, kichwa bado kipara. Jina langu lilikuwa limeshatoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kusomea udaktari, chuo hakijafunguliwa, na mjomba alikuwa amenipatia nafasi ya kujitolea katika maabara moja ya malaria. Mama alinifungia chapati akiuliza, "Ifakara kuna nini ambacho Dar hakuna?" Sikuwa na jibu.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi dereva alipunguza mwendo. Kuna bango la faini kwa anayegonga wanyama, kila mnyama na bei yake. Mzee wa kiti cha nyuma akasema kwa bei ya twiga mmoja yeye angenunua trekta. Mikumi mjini tukaiacha barabara ya Iringa, tukakata kushoto. Miwa ya Kidatu, kisha mpunga, mpunga, maji. Hapo nikapata la kumjibu mama: mbu. Watafiti wapo Ifakara tangu miaka ya 1950, Mswisi Rudolf Geigy alipofungua maabara yake ndogo.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kujifunza au kuchukua cheti?"

Huyo ndiye Babu, fundi wa maabara. Wiki ya kwanza nilifagia, nikaosha vioo, nikalisha mbu maji ya sukari. Wiki ya pili akanipa slaidi.

Kila slaidi ina matone mawili ya damu, nene na jembamba. Jembamba hugandishwa kwa methanoli. Nene huachwa likauke hivyo hivyo, ili chembe nyekundu zipasuke kwenye maji ya rangi ya Giemsa na vimelea vionekane. Nilikuwa nimeyaandika yote haya daftarini. Siku hiyo nikazitumbukiza slaidi nane nzima nzima kwenye methanoli.

Chini ya hadubini sikuona kitu ila wekundu mzito, kama uji wa ulezi uliokosa maji. Nikajaza "hakuna vimelea" mara nane, nikapeleka daftari.

Babu hakupandisha sauti. Alitazama slaidi moja, ya pili, akavua miwani.

"Umetazama sehemu ngapi?"

"Kama ishirini hivi."

"Hata ingekuwa nzuri, hairuhusiwi kusema hakuna kabla ya kutazama mia moja. Na hii si 'hakuna'. Hii haisomeki. Futa."

Nilitaka kubisha kwamba yote ni mamoja, kimelea hakikuonekana. Nashukuru nilinyamaza. Mgonjwa aliyeandikiwa "hakuna" hurudishwa nyumbani. Wa "haisomeki" hupimwa tena. Mihadhara mingi niliyoisikia baadaye chuoni haijanikaa kichwani kama kalamu nyekundu ya Babu ikipita juu ya mwandiko wangu.

Damu ile ilikuwa ya watoto wa kijiji kimoja ng'ambo ya mto. Hawakudhurika, walishapimwa kwa kipimo cha haraka, na wenye malaria walishameza dawa siku ileile. Lakini slaidi zilikuwa za kuhesabu vimelea kabla ya dawa, na saa hiyo ilishapita. Kwenye jedwali la utafiti mistari yao minane ina herufi moja tu, H ya "haisomeki", kwa mwandiko wangu.