Kwenda Kuhesabiwa

Konda alilisema kwa mara ya tatu huku akisukuma begi la mwisho ndani ya buti: "Haya Wachaga, twende mkahesabiwe!" Watu wa stendi ya Mbezi Luis wakacheka, nami nikacheka nao. Utani huu tumeuzoea. Desemba ikifika, Dar es Salaam inapumua na Moshi inajaa, na anayetuuliza tunakimbilia nini tunamjibu tu kwamba kuna watu wanatusubiri mgombani. Safari hii, hata hivyo, neno lenyewe lilinikaa. Nilipopata kiti changu cha dirishani nilitoa daftari la safari, nikaliandika peke yake juu ya ukurasa mpya, kisha nikaanza kufunua kurasa za nyuma: Unguja, Lalibela, Bethlehemu. Kote huko nilikuwa nimekwenda kutafuta Krismasi ina maana gani kwa watu wanaoisali, nikajaza kurasa habari za mawe, mishumaa na ngoma. Neno la konda lilikuwemo katika kila ukurasa na sikuwa nimeliona.

Luka alilisema kabla ya konda. Anapofika kwenye usiku wa kuzaliwa Yesu, Mwinjili huyu anaanza na amri ya serikali: Kaisari Augusto ametaka watu waandikwe, Kirenio akiwa liwali wa Shamu, na Yusufu wa Nazareti hana budi kwenda Bethlehemu kwa kuwa ukoo wake ni wa Daudi. Sensa yetu ya tarehe 23 Agosti 2022 ilimwandika mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku hiyo. Ile ya Augusto, kama Luka anavyoisimulia, ilimrudisha kila mtu kwao. Basi Yusufu akafunga safari na mchumba wake mjamzito, zaidi ya kilomita 100 za njia ya vilima, na mtoto akazaliwa watu wakiwa wanahesabiwa. Hapo ndipo penye kiini cha Krismasi kwa Mkristo. Mungu, ambaye hakuna karani wa kumwandika, alikubali kuwa kichwa kimoja kati ya vichwa, tena katika orodha ya mtawala wa kigeni. Wakatoliki huliita jambo hili Fumbo la Umwilisho. Sisi Walutheri wa mlimani tunaliimba zaidi ya tunavyolieleza.

Ukurasa wa Bethlehemu una doa la mafuta ya taa. Kutoka Yerusalemu ni kilomita kama 10 tu, lakini katikati upo ukuta mrefu wa zege, na jioni tulipokuwa tunatoka, askari kijana alipanda ndani ya basi la mahujaji akatazama pasi zetu moja moja. Alikuwa akihesabu kwa midomo, bila sauti. Asubuhi yake tulikuwa tumeingia Kanisa la Kuzaliwa Yesu kupitia mlango ambao urefu wake haufiki meta moja na nusu. Ukiutazama ukuta kwa nje, unaona wazi lango kubwa la zamani lilivyozibwa kwa mawe hadi likabaki tundu. Inaelezwa kwamba walilifunga ili mtu asiingie na farasi wala mkokoteni. Mama mmoja wa kundi letu magoti yalikuwa yamemkatalia. Alisimama pale mlangoni, watu wakajipanga nyuma yake, wala hakuna aliyemharakisha. Akashika jiwe la pembeni kwa mikono miwili, akainama polepole, kichwa kikatangulia, kisha mabega. Nilipofika zamu yangu niliweka mkono palepale. Jiwe lile limekuwa laini kama sabuni iliyotumika, kwa mikono ya watu walioinama kabla yetu.

Ndani kuna nguzo ndefu zilizosimama tangu zama za Mfalme Justiniano wa karne ya 6, aliyelijenga upya kanisa la karne ya 4 lililoanzishwa na Konstantino na mama yake Helena. Nguzo hizo ni nzuri, lakini watu wanazipita tu. Wote wanaelekea kwenye ngazi za kushukia pangoni. Huko chini kuna nyota ya fedha yenye ncha 14, imepachikwa sakafuni, na katikati yake kuna tundu. Unapiga magoti, unaingiza vidole, unagusa mwamba. Taa 15 zinaning'inia juu yake, nazo pia zina hesabu yake: 6 za Waorthodoksi wa Kigiriki, 5 za Waarmenia, 4 za Wakatoliki. Maandishi ya Kilatini kuizunguka nyota hiyo yanasema kwamba Yesu Kristo alizaliwa hapo na Bikira Maria, na neno lao la kwanza ni "hapa". Nililiandika kwa herufi kubwa. Dini nyingi zinatufundisha kuinua macho. Hapa unatakiwa uteremke, upige magoti na utie mkono ndani ya shimo, ndipo upaguse mahali ambapo Wakristo wanaamini Mungu aliguswa kwa mara ya kwanza na mikono ya mama yake.

Mji huo mmoja una Krismasi tatu: ya tarehe 25 Desemba, ya Waorthodoksi tarehe 7 Januari, na ya Waarmenia usiku wa kuamkia tarehe 19 Januari. Tarehe isimsumbue mtu. Injili hazikuitaja, na ushahidi wa zamani zaidi tulio nao wa sikukuu ya tarehe 25 Desemba unatoka Roma, mwaka 336. Pembeni ya ukurasa huo baadaye nilibandika picha niliyoikata gazetini, ya Desemba 2023, wakati wa vita vya Gaza: katika Kanisa la Kilutheri la Krismasi, palepale Bethlehemu, hawakumlaza Mtoto Yesu horini. Walimlaza kwenye kifusi cha zege, amevikwa kitambaa cha Kipalestina. Mwaka huo mji ulikuwa umefuta sherehe. Sijaona hubiri la Krismasi lililonigusa kuliko picha ile.

Lalibela nilifika Januari, nikiwa nimeshakula Krismasi yangu wiki mbili kabla. Wenyeji walikuwa bado wanafunga. Kwa siku 43 Mkristo wa Kanisa la Tewahedo la Ethiopia hagusi nyama, maziwa wala mayai, mpaka Genna, Krismasi yao ya tarehe 7 Januari, iingie. Mahujaji walikuwa wametembea kwa siku nyingi, wamejifunga mashuka meupe, wanalala juu ya miamba kuyazunguka makanisa 11 yanayohusishwa na Mfalme Lalibela, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa ya 13. Mafundi wake hawakujenga kwenda juu. Walichimba mwamba kwenda chini, wakauchonga nje na ndani hadi kanisa zima likasimama ndani ya shimo, na paa lake likawa sawa na ardhi unayotembea. Kwa hiyo huko nako kuingia kanisani ni kushuka.

Usiku kulikuwa na baridi ya mlimani, ile ninayoijua, maana Lalibela iko karibu meta 2,500 juu ya bahari. Nilikaa kando ya mzee mmoja, mkewe na mjukuu wao. Hatukuwa na lugha ya kusemezana. Mzee alifungua kifuko cha kitambaa chenye shayiri ya kukaanga, akatandaza upindo wa shuka lake, akamwaga. Kisha akahesabu kwa kugusa kifua cha kila mmoja: yeye, mkewe, mtoto, halafu mimi. Akaigawa mafungu manne, kwa kiganja, akipunguza hapa na kuongeza pale hadi yakalingana. Fungu langu nililila punje kwa punje nikiona haya, kwa sababu mwili wangu haukuwa umefunga hata siku moja.

Alfajiri, kwenye ua wa Bete Maryam, yaani Nyumba ya Maria, makasisi walijipanga safu mbili. Wengine walisimama juu, ukingoni mwa shimo, wengine chini uani, wakapokezana uimbaji kwa ngoma kubwa na kayamba za chuma, wakiyumba pamoja kama migomba kwenye upepo. Wa juu ni malaika, wa chini ni wanadamu. Ibada hiyo inaitwa Beza Kulu, na maana yake ni ukombozi wa wote. Ukiniuliza ni wapi nimeona maana ya Krismasi ikifundishwa vizuri kuliko kwingine, nitasema ni huko, na sababu yake ni saumu. Sisi tunayo Majilio, wiki nne za kusubiri, lakini tunazimaliza madukani tukitafuta nguo za watoto na kreti za soda. Siku yenyewe inapofika tunaipokea tukiwa tumeshashiba. Mzee yule wa shayiri aliipokea na njaa.

Neno hilo, ukombozi, ndilo linalonipeleka Mkunazini, Unguja. Katika Kiswahili kitu kinachokombolewa ni kile kilichowekwa rehani, na mtu anayekombolewa ni mtumwa. Pale Unguja neno hilo halikuwa fumbo. Watu waliletwa kutoka bara, wakapangwa sokoni kwa kimo, wakahesabiwa. Hata ushuru wa forodha ulitozwa kwa kila kichwa. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana waliweka pale sokoni jiwe la msingi la kanisa lao, Kanisa Kuu la Kristo. Karibu na altare kuna duara la marumaru nyeupe sakafuni. Wanasema ndipo uliposimama mti walipofungwa watumwa wakichapwa. Nyuma ya altare amezikwa Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo hilo na kutumia miaka yake mingi kuitafsiri Biblia kwa Kiswahili cha Unguja. Nje uani kuna sanamu tano za watu waliofungwa minyororo shingoni, nazo zimesimamishwa ndani ya shimo.

Nilisimama juu ya shimo lile nikafikiri kwamba pana kuhesabiwa kwa namna mbili. Kuna mkono unaohesabu vichwa ili ujue utapata kiasi gani, wa Augusto au wa dalali. Na kuna mkono wa yule mzee, unaohesabu vifua ili kila mmoja apate fungu lake. Krismasi, kwa jinsi ninavyoielewa, ni Mungu kuingia katika hesabu ya kwanza, awe miongoni mwa wale wanaotozwa na kuuzwa, ili nao waingie katika hesabu ya pili. Wamisionari wale walichagua siku na mahali kwa makusudi, naamini, ingawa ukoloni uliokuja nyuma yao ulikuwa na hesabu zake nyingine.

Humo basini, kiti cha pembeni yangu alikaa mama wa makamo wa Korogwe. Shikamoo, marahaba, na kabla ya Chalinze tulikuwa tumeshagawana maembe. Aliniona naandika akaniuliza ni kitu gani, nikamweleza. "Nabii Isa na sisi tunampenda, mwanangu," akasema, kisha akanisimulia Bi Mariamu alivyoshikwa na uchungu peke yake chini ya mtende, akaambiwa autikise, tende mbivu zikamwangukia. Aliisimulia kama mtu aliyezaa, akiweka mkono kiunoni. Ninaithamini habari hiyo, na sikutaka kujifanya kwamba hakuna tofauti. Kwake Isa ni mtume mtukufu, na kumwita Mungu ni kumkosea Mwenyezi Mungu aliye mmoja. Kwangu mtoto yule ni Mungu mwenyewe aliyejifanya mwanadamu, na nikiliondoa hilo Krismasi yangu inabaki pilau na nguo mpya. Tulisema hivyo, kila mmoja kwa upole, na embe la mwisho akanipa mimi. Alishuka Korogwe akinitakia sikukuu njema.

Nyumbani nilikuta moshi wa ndafu na maneno ya chinichini. Binti wa kaka yangu alikuwa amerudi. Alikuwa ameondoka miezi kadhaa kabla, baada ya baba yake kujua kwamba ni mjamzito na kwamba hakuna wa kuitwa mume; hawakuwa wamesemezana tangu siku hiyo. Sasa alikuwa amesimama getini, mtoto wa miezi miwili mgongoni, na mkononi ameshika jani la sale, la kijani kibichi, amelikunja kama inavyotakiwa. Kwetu aliyekuja na sale kuomba msamaha harudishwi. Kaka yangu alilipokea. Hakusema kitu. Akabaki amelishika, akaenda nalo hadi kwenye ndafu, akasimama akitazama moto.

Mama yetu, ambaye siku hizi sote tunamwita Bibi, alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mgomba, mbele yake mkeka wenye sahani. Bibi hahesabu watu kwa kidole. Anahesabu sahani, na kwa kila sahani anataja jina. Mtori ulikuwa ukitokota, tarumbeta za usharika zilikuwa zinajaribiwa huko juu kwa ajili ya mkesha, na yeye akiendelea tu, jina na sahani, jina na sahani. Alipofika kwa binti alimtaja kwa sauti ileile, kama mtu aliyelala nyumbani jana. Kisha akanyoosha mkono nyuma yake, akachukua kibakuli cha bati chenye maua mekundu, kile tulicholia uji sote watoto wake, akakipangusa kwa khanga na kukiweka mwisho wa mstari.

"Na huyu anaitwa nani?"

Binti akainamisha kichwa. Jina la kliniki mtoto alikuwa nalo. La ukoo hakuna aliyempa.

Kutoka kwenye moto kaka yangu akataja jina la marehemu baba yetu. Bibi akanyamaza kidogo. Akalirudia jina lile polepole, akigusa ukingo wa kibakuli, halafu akaniita mimi nilete sahani nyingine, kwa sababu alikuwa hajamaliza.