Wanne Wanne

Mkanda ulikuwa mchafu. Hilo ndilo la kwanza linalonijia nikikumbuka Februari ya 2004: blauzi yangu nyeupe ya kazini, na mstari wa rangi ya kahawa kutoka begani hadi nyongani, mnyoofu kama uliopigwa kwa rula. Nilipoingia ofisini nilimkuta karani mwenzangu ana wake, na mhasibu ana wake. "Nawe Michuki amekupiga muhuri?" akaniuliza. Tukacheka. Wiki ile nzima mazungumzo yetu yalikuwa sabuni gani hutoa jasho la watu mia kwenye pamba.

Ningeupata mstari ule leo, nisingeufua.

Kwa aliyezaliwa baadaye, maneno "wanne wanne" huenda yasimwambie kitu. Kiti cha matatu ya Nissan kilishonwa cha watu watatu. Makanga amening'inia mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja hewani, anapiga bodi kwa kiganja: "Wanne wanne jamani, sote twaenda!" Sheria ilisema Nissan ibebe abiria 18. Mimi nimewahi kuhesabu 26, na wa 27 alikuwa makanga mwenyewe, ambaye huwezi kusema alikuwa ndani. Aliyekosa kiti alisimama ameinama, shingo imepinda chini ya paa, kifua chake juu ya kichwa cha aliyekaa, na akitaka kushuka lazima watu sita washuke kwanza.

Nilianza kidato cha kwanza mwaka 1991. Nyumbani ni Bamburi, shule iko kisiwani Mombasa. Mwanafunzi alilipa nusu nauli, kwa hiyo makanga alitusukuma nyuma hadi watu wazima waishe: "Nyinyi ngojeni." Tulipanda mwisho, tukasimama. Na kusimama katika matatu, kwa msichana wa miaka kumi na minne, kulikuwa na mambo yake. Mikono haikuwa na mwenyewe. Ukigeuka, kila uso unatazama dirishani. Nilipomwambia mama, hakushangaa. Alichomoa pini kwenye mtandio wake, akanitia mkononi, akasema, "Usipige kelele. Dunga tu." Nikawa naondoka asubuhi na vitabu, nauli na pini. Wasichana wa darasani kwetu walikuwa na pini zao, na hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu. Usafiri ndivyo ulivyokuwa, kama jua lilivyo kali.

Niko kidato cha nne, tarehe 29 Aprili 1994, siku ya Ijumaa, feri ya Mtongwe ilipopinduka. Watu 272 walikufa, karibu kabisa na nchi kavu, kwa sababu iliyo nyepesi mno kuisema: walikuwa wengi kuliko chombo. Mji ulizizima. Kila mtaa ulikuwa na matanga, na kila mtu alikuwa na mtu wa kumtaja. Wiki moja baadaye nilikuwa nimesimama katika Nissan, tukivuka daraja la Nyali, na juu ya bahari ileile makanga akaita wanne wanne. Tukasogea.

Ndipo akaja mzee Michuki. Serikali ya Kibaki ilikuwa imeingia mwishoni mwa 2002, watu wana matumaini kiasi kwamba abiria walikuwa wakimzuia askari wa trafiki asipokee hongo mchana kweupe. John Michuki alipewa Wizara ya Uchukuzi, na mwaka 2003 akatoa tangazo la kisheria namba 161. Wengi hatukulisoma, lakini sote tuliweza kulikariri: kila kiti kiwe na mkanda, Nissan ishuke kutoka abiria 18 hadi 14, asionekane yeyote aliyesimama, mstari wa manjano uzunguke gari, dereva avae buluu na kondakta avae rangi ya damu ya mzee, picha ya dereva ibandikwe ndani, na injini ifungwe gavana isipite kilomita 80 kwa saa. (Vijana wanaodhani gavana ni mtu wa kaunti mwenye msafara wajue kwamba gavana wa kwanza tuliyemjua sisi alikaa karibu na injini, na yeye pia walimchezea.)

Tarehe 1 Februari 2004 ilikuwa Jumapili. Jumatatu matatu hazikuonekana. Wenye magari walikuwa wamengojea hadi dakika ya mwisho wakidhani serikali itarudi nyuma, kwa kuwa serikali zote walizozijua zilirudi nyuma. Mzee hakurudi. Nilivuka daraja la Nyali kwa miguu, viatu mkononi, katikati ya watu ambao ungedhani wanatoka uwanjani. Tulimlaani, si uongo. Kisha magari yakaanza kurudi mojamoja, yameoshwa, michoro imefutwa, mistari ya manjano bado inanuka rangi, na nauli imepanda maradufu. Tulimlaani tena, tukapanda.

Nikajikuta nimekaa. Baina yangu na aliye kando palikuwa na nafasi ya kutosha kuweka pochi. Makanga ndani ya sare mpya ameufunga mlango kutoka ndani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ana uso. Miaka yote nilikuwa nikiona mgongo na makwapa. Muziki uko chini. Tulifika Buxton kabla sijatambua kwamba mkono wangu wa kulia haukushika kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na pini ilikuwa imebaki kwenye mtandio.

Hakuna mahali katika tangazo lile palipoandikwa mikono ya watu. Liliandikwa kwa ajili ya ajali, kwa lugha ya vipimo na rangi na kilomita. Lakini mtu akipewa kiti chake na mkanda wake, mwili wake unakuwa na mpaka, na mwenye kuuvuka anaonekana. Sikuwahi kumsikia waziri akijisifu kwa hilo, labda halikumpitia akilini. Wala si kwamba ninamfanya mtakatifu. Miaka miwili baadaye, yuko Wizara ya Usalama wa Ndani, askari waliofunika nyuso walivamia gazeti la Standard usiku, wakachoma magazeti, naye akasimama mbele ya taifa kusema kwamba anayemchokoza nyoka ajiandae kuumwa. Ni mkono uleule. Ukinibana nieleze vipi mkono mmoja unifungie mkanda na uvunje mlango wa mpiga chapa, nitakwambia nilipanda matatu na gazeti nikalinunua, basi.

Kilichoniingia zaidi ya mkanda ni sisi wenyewe tulivyobadilika. Jioni moja mwaka ule, stendi ya mjini, kijana aliingiza mtu wa kumi na tano. Mzee wa kanzu aliyekaa karibu na mlango hakupaza sauti. Alijifungua mkanda, akaushika mlango usifungwe, akasema, "Mwanangu, mimi sina haraka. Gari haliondoki." Makanga akacheka, akadhani ni utani. Mama mmoja nyuma akasema naye hana haraka. Kisha mwingine. Tukakaa hapo watu kumi na wanne, wote bila haraka, na wote tulikuwa tumechelewa. Wa kumi na tano aliona haya akashuka mwenyewe. Nilifika nyumbani nikamsimulia mama kama niliyetoka sinema.

Siku mkanda ulipokufa siikumbuki. Haukufa siku moja. Kwanza kilianza kupotea kifungio, ukabaki utepe bila pa kuuchomeka. Kisha makanga akasahau koti la sare nyumbani, kisha akasahau kwamba alikuwa nalo. Gavana ikakatwa waya. Kukatokea kibao kilichowekwa katikati ya viti viwili kuziba njia, kikapewa jina zuri, sambaza, kama vile ni muda wa maongezi unaotumiwa rafiki. Tukikaribia kizuizi, makanga aligeuka na kuita, "Mikanda, mikanda!" nasi tunaivuta kifuani na kuishika kwa vidole, watu wazima kumi na sita, hadi askari achungulie, ashikwe mkono na dereva, na atupungie. Tukishapita tunaiachia yote kwa pamoja. Ina sauti yake ile, ya vyuma vikigonga ubavu wa gari. Nilikuwa nikiichekelea.

Na mimi mwenyewe je? Ilikuwa Ramadhani, mvua inanyesha, magharibi imekaribia. Stendi imejaa, gari limejaa. "Auntie, hapa pako, keti kidogo tu," kijana akaniambia, akapangusa sambaza kwa kiganja. Nikaketi. Hakuna aliyesema hana haraka. Upande wangu wa kushoto palikuwa na msichana wa sketi ya shule, na nilipojisogeza nipate nusu ya pili ya makalio, yeye alijikunyata, akaupandisha mkoba wake kifuani, akaukumbatia kwa mikono miwili. Nililijua kumbatio lile. Nilitazama dirishani.

Wenye kupenda kulaumu polisi peke yao nawaacha na lawama zao. Wana haki nusu. Serikali nayo ilikuwa ikifunga kwa mkono wa kulia na kufungua kwa wa kushoto. Nissan ya watu 14 ina nauli kubwa, na serikali haikuleta mabasi ya kuchukua wale wanne waliopunguzwa. Kisha mwaka 2008 ikaondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo. Vijana wakapata kazi, nani apinge? Bodaboda zikafika hadi milangoni mwetu, na waliokosa nafasi ya kuketi wakaketi huko: dereva, abiria, abiria, na pengine mtoto juu ya tangi, mshikaki mzima bila kofia hata moja. Mpwa wangu anatembea na chuma mguuni kwa safari ya dakika tatu. Katika miaka ya karibuni barabara za Kenya zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, na wapanda pikipiki ni fungu kubwa lao. Mtongwe ni watu 272, tukazizima. Hawa wa barabarani hufa wawili hapa, watano pale, na matanga yao hayafungi mtaa.

Kuna nyakati tulizinduka. Oktoba 2018 basi lililosafiri usiku kutoka Nairobi lilianguka Fort Ternan, likaua watu zaidi ya 50. Serikali ikasema sheria za Michuki zinarudi, kana kwamba zilikuwa zimesafiri. Hazikuwahi kufutwa hata siku moja. Mzee alikuwa amefariki tangu Februari 2012, na jina lake likaitwa kutoka kaburini lije kufanya kazi ya walio hai. Tarehe 12 Novemba, Jumatatu, matatu zikatoweka kama mwaka ule, nami nikavuka daraja kwa miguu kama mwaka ule, ila magoti sasa yalikuwa ya mwanamke wa miaka arobaini na moja. Mikanda mipya ikaja, mingine bado ina nailoni ya dukani. Kufikia Krismasi nailoni ilikuwa imebanduka na vifungio vimeanza kupungua.

Mara ya pili ilikuwa korona. Machi 2020 amri ikatoka kwamba Nissan ya 14 ibebe wanane. Wanane! Nauli ilipanda, na hofu ilikuwa nyingi, nisije nikaonekana ninausifu ugonjwa. Lakini asubuhi moja, barakoa usoni, kiti kitupu kando yangu kimetiwa alama ya msalaba kwa gundi, upepo wa bahari unaingia dirishani, nilihisi kitu nilichokijua, na ilinichukua hadi Kongowea kukitambua: ilikuwa Februari ya 2004. Agosti 2021 wakaturuhusu kujaza tena. Siku hiyohiyo makanga aliita wanne wanne kwa shangwe ya mtu aliyerejea nyumbani, na nyuma yangu watu wakacheka, wakasogea.

Wiki iliyopita nilipanda jioni kurudi Bamburi. Picha ya dereva hakuna, mstari wa manjano upo lakini umepitiwa na uso wa mwanamuziki mmoja mwenye meno ya dhahabu, na kwa kweli amechorwa vizuri. Nilikaa safu ya pili, nikatafuta mkanda kwa mazoea ya zamani, nikapata utepe, kifungio hakuna. Mbele yangu alipanda kijana na mtungi wa gesi wa kilo 6, mpya, umejaa. Akalipa nauli mbili, yake na ya mtungi. Makanga akauweka kitini dirishani, akauvuta mkanda, na mkanda ule ulikuwa mzima, akauzungusha mara moja na kuuchomeka. Kikasikika kile kilio kidogo cha chuma kukubali chuma. Akautikisa mtungi kuhakikisha haupigi popote, akaridhika, akageukia sisi wengine.

"Wanne wanne, jamani."

Nilisogea.